Waja Mjini kwa Chombo Gani?

Ofisi ya Mipango ya Mji,
Meru.
9 Februari 1987

Mwalimu Kithaka,

Shikamoo. Ni mimi Karwirwa, binti ya Gacheri wa Kiirua, yule uliyemhamishia dawati la mbele kwa sababu ya kucheka. Miaka tisa imepita na sikuwahi kukuandikia hata mstari mmoja, kwa hiyo nianze kwa kuomba msamaha. Makandi, niliyesoma naye darasani kwako, ameniambia ulihamishwa Siakago, kwamba sasa wewe ndiye mwalimu mkuu, na kwamba bado unasahihisha matangazo ya kanisa kwa kalamu nyekundu.

Nina shida, nayo ni ya Kiswahili. Nimeajiriwa hapa kama msaidizi wa kupanga mji. Kamati ya mji inataka soko lihamishwe, lipelekwe kwenye uwanja mtupu kilomita nne kutoka hapa, kisha mahali pake papanuliwe barabara na pawe maegesho ya magari. Mkuu wangu, Bwana Muthamia, hakatai maendeleo. Anachosema ni kwamba huwezi kupanga usafiri wa mji kwa miaka thelathini ijayo kabla hujajua watu wanafikaje leo. Wengi wakiwa na magari, soko lihame. Wengi wakiwa wanatembea kwa miguu, tutakuwa tumewaongezea kilomita nne ili wachache wapate pa kuegesha. Kamati itakaa tarehe 18 Juni. Tusipokuwa na takwimu siku hiyo, soko litahama.

Mwalimu, mama yangu alinisomesha kwa viazi alivyovibeba mgongoni hadi sokoni Kiirua. Ninajua kilomita nne ni nini mgongoni. Naomba unitafsirie maswali haya sita kwa Kiswahili safi, maana changu ni kile cha sokoni. Nimejaribu na nimeona aibu.

Mwanafunzi wako,
Karwirwa

*

Siakago
16 Februari 1987

Mwanangu Karwirwa,

Marahaba. Barua yako nimeipokea kwa furaha nisiyoweza kuificha, hata walimu wenzangu wameniuliza kama nimepandishwa cheo. Dawati la mbele lilikufaa.

Lakini hebu tuone. Swali lako la nne umeliandika hivi: "Unakuja mji na nini?" Karwirwa! Mji bila kiambishi cha mahali? Hilo nakusamehe. Kosa kubwa ni hilo "na nini". Ukimuuliza mtu anakuja na nini, atakujibu anakuja na kuku. Utakusanya kuku na vikapu Meru nzima, na takwimu hutakuwa nazo.

Nimelisahihisha hivi: "Waja mjini kwa chombo gani?" Angalia linavyosimama. Baiskeli ni chombo, basi ni chombo, mkokoteni ni chombo. Neno moja limekusanya vyote, na ndilo neno linalotumika katika vitabu vizuri. Maswali yote sita nimeyaambatisha, yamepigwa chapa. Nimeyasoma kwa sauti hapa nyumbani na hakuna aliyepinga.

Nitangoja matokeo kwa hamu. Nimeshamdokezea mkaguzi wa shule kwamba Kiswahili cha Siakago kinapanga mji wa Meru.

Mwalimu wako,
Kithaka

*

Meru
20 Machi 1987

Mwalimu,

Shikamoo, na asante sana kwa maswali. Makarani wanne walisimama kwenye njia nne za kuingilia mjini kwa siku sita. Walijaza fomu 612. Mimi siku hizo zote nilikuwa stendi nikihesabu magari, kwa hiyo fomu nimeziona juzi tu, tulipofungua makasha.

Swali la nne limejibiwa na kila mtu. Hakuna aliyeliruka. Bwana Muthamia amesoma majibu kwa muda mrefu sana.

Mvua imeanza. Msalimie Mama Wambeti hapo nyumbani.

Karwirwa

*

Siakago
30 Machi 1987

Mwanangu,

Mia sita na kumi na mbili, na hakuna aliyeruka! Hiyo ndiyo nguvu ya swali lililoulizwa vizuri. Barua yako niliisoma mbele ya darasa la nane. Mtoto mmoja aliuliza wangapi walikuja kwa baiskeli na wangapi kwa basi. Nikamwambia takwimu ziko njiani.

Basi ziko njiani? Siku ya wazazi ni tarehe 24 Aprili na mkaguzi atakuwepo. Nimeandaa ubao mkubwa wenye kichwa "Vyombo vya Usafiri Mjini Meru". Chini ya kichwa pako peupe. Nitumie hata ukurasa mmoja.

Hapa jua linatuchoma, hiyo mvua yenu haijatukumbuka. Mbuzi wanakula hata magazeti.

Kithaka

*

Meru
14 Aprili 1987

Mwalimu,

Nisamehe, fomu ziko kwa Bwana Muthamia na bado anazipitia. Sidhani zitakuwa tayari kufikia tarehe 24. Pengine ungeuandikia ule ubao kitu kingine.

Kamati haijabadilisha tarehe. Wamekwisha pima uwanja.

Karwirwa

*

Siakago
27 Aprili 1987

Karwirwa,

Siku ya wazazi imepita. Ubao niliugeuza ukatazama ukuta.

Mimi si mtoto. Ulipokuwa darasani ulikuwa na kawaida ya kuandika sentensi fupi ukiwa hujafanya kazi ya nyumbani, na barua zako mbili za mwisho ni za sentensi fupi. Nadhani nimeelewa. Uliona maswali yangu ni ya kizee, ukayaweka kando, ukatumia yako. Kama ndivyo, sema. Sitakasirika kwa muda mrefu. Kinachoniuma ni kuzungushwa na mtu niliyemfundisha kusema ukweli kwa vitenzi vilivyonyooka.

Kithaka

*

Meru
4 Mei 1987

Mwalimu wangu,

Nimeisoma barua yako nikalia, halafu nikacheka, halafu nikaona haya kwa sababu nilikuwa nimecheka. Sasa nasema.

Sikuyaweka kando maswali yako. Niliyatumia kama yalivyo, neno kwa neno. Mwalimu, hapa Meru chombo ni kitu cha jikoni. Ni sufuria, ni debe, ni kile unachobebea. Makarani wangu nao ni watu wa hapa, waliuliza kama ilivyoandikwa, wakaandika walichojibiwa. Haya ndiyo majibu ya swali la nne:

"Kiondo."
"Kiondo na kamba."
"Debe."
"Mtungi wa maziwa."
"Mkoba wa mkononi."
"Gunia mbili za kabichi."
"Si unaona ni kiondo, kwani nitakuja na nini?"

Mzee mmoja alimfokea karani: "Mimi ni mwanamke niulizwe mambo ya vyombo?" Na mwingine, fomu namba 207, alijibu hivi: "Mimi sina chombo, niko na bibi." Karani ameandika pembeni kwamba mkewe alikuwa amesimama nyuma yake na ndizi mikungu miwili mgongoni.

Kwa hiyo sina mabasi, sina baiskeli. Nina viondo 388. Nilikuficha kwa sababu sikuona jinsi ya kumwambia mwalimu wa Kiswahili kwamba Kiswahili chake kimekuwa kizuri kupita watu. Niliona bora nionekane mvivu.

Pesa za kurudia kazi hakuna na muda hakuna. Bwana Muthamia hajanigombeza, ila ameacha kuniita Miss Planner. Wiki sita zimebaki. Ninaogopa, Mwalimu. Nikipita sokoni asubuhi siwezi kuwatazama wale akina mama machoni.

Mwanafunzi wako aliyekuficha,
Karwirwa

*

Siakago
11 Mei 1987

Mwanangu Karwirwa,

Barua hii naiandika mara ya tatu. Mbili za kwanza zilikuwa zikinitetea.

Nilikuandikia kwamba niliyasoma maswali hapa nyumbani na hakuna aliyepinga. Huo ulikuwa uongo. Nilipofika swali la nne, mke wangu Wambeti, aliyekuwa akichambua ndengu, alisema, "Kithaka, watakwambia sufuria." Nikamjibu kwamba Kiswahili cha vitabu hakipimwi jikoni. Yeye aliishia darasa la nne, nami nilimkumbusha jambo hilo, si kwa maneno ila kwa namna nilivyogeuza karatasi. Tangu siku ile hakulisema tena. Ulipouliza maswali ukajibiwa kila fomu, mimi nilifurahi, yeye akanyamaza. Sasa najua alikuwa ananyamazia nini.

Jana jioni nilimsomea barua yako yote. Nilidhani atacheka. Alicheka, tena sana, hasa yule wa namba 207, mpaka akafuta macho kwa leso. Kisha akaniuliza, "Sasa huyo mtoto analia nini? Si ameshajibiwa?" Nikamwambia hajajibiwa, alitaka kujua watu wanafikaje. Akanitazama kama ninavyowatazama watoto wa darasa la pili. Haya ndiyo aliyoniambia, nami nimeyaandika bila kugusa:

Mwenye kiondo na kamba ametembea. Kamba ni ya kupitisha kwenye paji la uso, na hakuna anayepanda gari akiwa amefungwa hivyo. Mwenye debe naye ametembea, tena hatoki mbali, maana debe linamwagika. Mtungi wa maziwa huja umefungwa nyuma ya baiskeli. Gunia mbili hakuna mgongo unaoziweza, hizo zimekuja na pikapu au mkokoteni. Mwenye mkoba wa mkononi hakubeba kitu, huyo ametoka kwa basi au gari lake. "Mwambie achukue karatasi zake," akasema, "asome vyombo, ataona miguu."

Nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na sita. Mtu mwenye akili kuliko mkaguzi alikuwa akinipikia chai. Nimemwomba msamaha, na nimemwomba mbele ya watoto wetu, maana ndivyo nilivyomnyamazisha.

Lakini usipeleke kwa kamati neno la Wambeti peke yake. Watalikataa kama nilivyolikataa mimi. Lipime kwanza.

Wako,
Kithaka

*

Meru
21 Juni 1987

Mwalimu, na Mama Wambeti,

Shikamooni nyote wawili. Barua hii ni ndefu, ketini.

Nililipima. Siku moja ya soko mimi na Bwana Muthamia tulisimama juu ya mteremko unaotoka mtoni, tukawaangalia watu sitini wakiingia. Mimi niliandika chombo, yeye akaandika walivyofika, na hatukuoneshana mpaka mwisho. Katika watu sitini, Mama Wambeti alipatia hamsini na saba. Wale watatu walikuwa wameshushwa na pikapu ya jamaa yao na viondo vyao. Bwana Muthamia alikunja karatasi, akasema, "Miss Planner, twende tukachape."

Siku ya kamati niliingia na fomu zangu kwapani. Walikuwa kumi na mmoja, wanaume wote. Nikawaambia ukweli kuanzia mwanzo, kwamba swali lilieleweka vingine, na kwamba majibu yake ni haya. Walicheka. Nilipofika namba 207 walipiga meza kwa kicheko, na mwenyekiti akauliza kama tumeitwa kusikiliza mambo ya vyombo vya jikoni.

Nikafunua ukurasa wa hesabu. Kisha nikasema: viondo na kamba ni 388, na hawa wote wametembea. Mitungi ya maziwa 71, hao ni baiskeli. Magunia 94, hao ni mikokoteni na pikapu. Mikoba ya mkononi 40. Waliobaki ni 19, wakiwemo wenye madebe, yule mwenye bibi na yule mzee aliyemfokea karani. Mnataka kuhamisha soko kwa ajili ya mikoba arobaini.

Hapo mmoja wao, Bwana Naftaly, mwenye malori mawili, aliomba ile fomu 207 aione kwa macho yake. Akaisoma. Akasema, "Mama yangu alikuwa na alama hapa," akajigusa paji la uso, pale kamba inapokaa. "Mpaka tunamzika ilikuwa hapo." Akaketi. Mwenyekiti naye hakucheka tena.

Soko halihami. Wameandika hivyo kwenye kumbukumbu na nimeona saini. Barabara haitapanuliwa. Badala yake njia ya mteremko itatandikwa mawe ili watu wasiteleze wakati wa mvua, mikokoteni itapewa upande wake, na stendi itasogezwa karibu na lango la soko ili mwenye mzigo asiuvushe mji mzima. Bwana Muthamia anasema mpango wa namna hii mji unaweza kuumudu hata mafuta yakipanda bei mara kumi, kwa sababu miguu hainywi petroli.

Na kuna jambo ambalo sikuliomba mimi. Bwana Naftaly alipendekeza pajengwe katikati ya mteremko ukuta mfupi wa kupumzishia mzigo, mtu arudi kinyumenyume auegemeze bila kusaidiwa. Wamekubali ukuta mmoja, kwa majaribio. Mchoro wake ninao, nimeutoa kwenye kitabu cha wahandisi: futi tatu na nusu.

Nina furaha mpaka nashindwa kula.

Karwirwa

*

Siakago
29 Juni 1987

Karwirwa mtoto wangu,

Ni mimi Wambeti naandika. Kithaka ameambiwa asishike hii barua na hajaishika, kwa hivyo makosa ni yangu yote.

Tumefurahi sana. Hapa imekuwa kama harusi. Yeye ameenda kuambia mkaguzi, na ameniambia jina langu ndio lilitangulia.

Sasa hio ukuta. Usijenge na kitabu. Kitabu kimepima mtu amesimama wima na mikono tupu. Mwanamke akibeba anakuwa mfupi, hata wewe jiangalie. Ukijenga futi tatu na nusu mzigo utagonga ukuta chini ya mdomo wa ukuta na yeye ataanguka nyuma, na akianguka mtasema ni yeye hajui kutumia. Shika akina mama wakiwa wamebeba, tena wakiwa wamepanda hio kilima tayari, si pale chini. Pima mahali matako ya kiondo inafika. Hapo ndio ukuta.

Na mwambie fundi juu aweke laini, isikate kamba.

Nakutumia ndengu kwa mtu anakuja huko. Usichemshe sana.

Mama yako,
Wambeti

*

Meru
9 Agosti 1987

Mama Wambeti, na Mwalimu,

Ndengu nilizipata, na nilizichemsha sana. Nimekiri.

Ukuta umekamilika. Nilipima akina mama kumi na mmoja wakiwa wamebeba, katikati ya kilima, na nilipomwambia fundi Mbogo vipimo alidhani nimekosea. Kila mmoja alikuwa amepungua vidole vinne au vitano. Mmoja alikuwa mrefu kunishinda, lakini chini ya viazi alikuwa ananifika begani. Tumejenga futi tatu na inchi moja, na Mbogo amelainisha juu kwa jiwe mpaka kunang'aa.

Jana Jumamosi nilikwenda kuuangalia ukifanya kazi. Nilivaa nguo za kawaida, nikakaa kando kana kwamba namsubiri mtu. Wa kwanza walipita bila kuutambua. Kisha akaja mama mmoja wa makamo na kiondo cha viazi vikuu, akasimama, akautazama, akageuka taratibu akarudi nyuma hatua mbili. Kiondo kikakaa. Hakikugonga, hakikuteleza. Akaisogeza kamba kutoka kwenye paji la uso, akanyoosha shingo upande huu na upande ule, akafunga macho. Alikaa hivyo kama dakika tatu. Nami nilikuwa nalia pale kando kama mtu aliyefiwa, kumbe ni raha.

Aliniona. Akaniuliza ni nini. Nikamwambia mimi ndiye niliyeuchora huu ukuta, natoka ofisi ya mipango.

Nilidhani atanishukuru. Akanionesha kwa kidevu juu ya mteremko, karibu na lango la soko.

"Na ile ingine iko wapi? Hata huko juu tunachoka."

Nikamwambia wamekubali mmoja tu, kwa majaribio. Akasema yeye ameshajaribu na umekubali. Basi, Mama, nikamwahidi kwamba kesho asubuhi nitakuja na futi yangu nipime mahali pa kuweka wa pili.

Akairudisha kamba mahali pake, akainama mbele, akainuka na mzigo wake. Akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu.

"Kesho ni Jumapili," akasema. "Hakuna mtu atakuwa amebeba. Kuja Jumatatu."

Jumatatu nitakuwa pale.

Binti yenu,
Karwirwa